Kiuno Kikikaza Ujauzitoni: Yoga ya Mkekani na Pumzi Tulivu kwa Mama Kijacho wa Dodoma

Kwenye mabenchi ya kliniki ya wajawazito, kuanzia Makole hadi zahanati za vijijini huko Chamwino na Bahi, mwenye mimba changa analalamikia kichefuchefu na mwenye tumbo lililojitokeza analalamikia kiuno. Huyu wa pili mara nyingi huambiwa ndiyo mimba yenyewe, avumilie. Ni kweli kwamba zaidi ya nusu ya wajawazito huumwa mgongo au nyonga wakati fulani, kwa hiyo si deko wala uvivu. Lakini kuvumilia siyo njia pekee. Mkeka, ukuta, kiti kimoja na robo saa kwa siku vinaweza kupunguza maumivu kiasi cha kukufanya ulale.

Niseme mapema ninachoamini, ili usije ukashangaa mbele: mikao ya mkekani ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni namna unavyoinama, unavyobeba na unavyopumua saa zote nyingine za siku. Mwenye kufanya yoga nzuri alfajiri kisha akajitwisha ndoo ya lita 20 mara tatu kabla ya chai amejipunguzia kwa mkono mmoja na kujiongezea kwa mwingine.

Kinachouma ni nini hasa

Tumbo likikua, uzito unahamia mbele. Ili usianguke, unajisukuma nyuma bila kujua, na kiuno kinajipinda kuliko kawaida. Misuli midogo iliyo kando ya uti wa mgongo inashika kazi tangu asubuhi hadi usiku. Misuli ya tumbo, ambayo ndiyo ingesaidia, imevutika na haina nguvu yake ya zamani. Juu ya hayo, mwili unatoa homoni iitwayo relaksini inayolegeza kano za nyonga ili njia ya mtoto ipanuke. Kano zikilegea, viungo vinacheza, na misuli inakaza ili kuvishikilia. Ndiyo maana wengine huhisi kiuno "kinaachia" wakigeuka kitandani au wakipanda daladala.

Halafu kuna wasiwasi. Mtu mwenye hofu ya uchungu, ya kodi ya nyumba au ya kuondolewa kazini hukaza mabega, taya na kiuno bila kukusudia, na misuli iliyokaza kutwa inauma jioni. Hapa ndipo mazoezi ya utulivu wa akili yanapoingia.

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2016 kuhusu huduma za wajawazito, linashauri mazoezi ya mara kwa mara ili kuzuia na kupunguza maumivu ya kiuno na nyonga. Mwongozo wake wa mwaka 2020 unataja angalau dakika 150 kwa wiki za kuushughulisha mwili kwa kiasi, kwa mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu. Kutembea kwa miguu kwenda sokoni Majengo kunahesabiwa humo.

Hatua ya kwanza: kadi ya kliniki kabla ya mkeka

Ukienda kliniki, mwambie mkunga kwamba unataka kufanya mazoezi mepesi ya kunyoosha mwili, na mwonyeshe sehemu inayouma kwa kidole. Kuna hali ambazo hupaswi kuanza bila ruhusa ya daktari: ukiwa umewahi kutokwa damu katika ujauzito huu, kondo la nyuma likiwa limekaa chini, shingo ya kizazi ikiwa imeshonwa, ukiwa na shinikizo la damu, upungufu mkubwa wa damu, au historia ya kujifungua kabla ya wakati. Mwenye mapacha naye aulize kwanza.

Na kuna maumivu ya mgongo ambayo si ya kunyoosha kabisa. Usitandike mkeka, nenda kituo cha afya, ukiona lolote kati ya haya:

- maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio, tumbo likikaza nayo, kabla ya wiki ya 37;
- damu au maji kutoka ukeni;
- homa, au mkojo unaochoma, pamoja na maumivu ya ubavuni (figo nazo huuma mgongoni, na kwa joto la Dodoma na kunywa maji kidogo, maambukizi ya njia ya mkojo si mageni);
- kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba;
- mtoto kupunguza kucheza;
- ganzi kati ya mapaja, mguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa kwa ghafla.

Hili la mwisho ni nadra, lakini halisubiri kesho.

Hatua ya pili: mahali na saa

Alfajiri kabla jua halijapanda, au jioni likishazama. Oktoba na Novemba, joto la kabla ya mvua linapokuwa kali, usijaribu kufanya mazoezi saa saba mchana chini ya bati. Mwili wa mjamzito haupaswi kuchemka. Juni hadi Agosti mambo yanageuka: upepo wa asubuhi Dodoma una baridi na vumbi, na misuli iliyopoa haipendi kuvutwa. Kaa ndani, jifunge kitenge, tembea chumbani dakika mbili tatu ndipo uanze.

Tandika mkeka juu ya blanketi lililokunjwa ili magoti yasilalamike. Weka karibu mto mmoja au miwili, khanga mbili, kikombe cha maji, na kiti kisichoteleza. Kiti cha plastiki kiegemeze ukutani. Usianze ukiwa umetoka kula ugali sasa hivi. Kiungulia kitakufundisha adabu.

Hatua ya tatu: pumzi kwanza

Kaa juu ya blanketi lililokunjwa ili nyonga ziwe juu kidogo kuliko magoti, mgongo umeegemea ukuta. Asiyeweza kukaa chini akae kitini, nyayo zote mbili sakafuni. Mkono mmoja juu ya tumbo, mwingine ubavuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, ukiuacha ubavu upanuke. Toa ukihesabu hadi 6, midomo ikiwa imefunguka kidogo. Usibane pumzi kati ya kuvuta na kutoa. Ukiona hesabu inakukosesha hewa, iache. Muhimu ni kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Pumzi ndefu ya kutoka huutuliza moyo, na misuli ya kiuno hufuata.

Fanya hivyo kwa dakika tatu au nne. Akili itaondoka. Itaenda kwenye ada ya shule, kwenye maneno ya wifi, kwenye harage lililo jikoni. Usiigombeze. Ukigundua imeondoka, irudishe kwenye pumzi inayofuata. Zoezi lenyewe ndilo hilo la kurudi. Hakuna daraja la juu zaidi.

Sasa pitia mwili kwa mawazo, kuanzia utosini: paji la uso, taya, mabega, kifua, tumbo, kiuno, nyonga, mapaja, nyayo. Ukifika panapouma, usikimbie wala usipambane. Jiulize: panachoma au panavuta? Pakubwa kama kiganja au kama sarafu? Panabadilika nikitoa pumzi? Wengi hugundua kwamba maumivu yenyewe ni madogo kuliko hofu iliyoyazunguka: "Nitajifunguaje na mgongo huu?" Ukiyatenganisha hayo mawili, hata kwa dakika moja, mwili unalegea kidogo. Utaratibu wa aina hii uliingia hospitalini mwaka 1979, Jon Kabat-Zinn alipoanza kuwafundisha wagonjwa wenye maumivu sugu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Haukuahidi kuyafuta maumivu. Uliwafundisha kuishi nayo bila kuyaongezea.

Kuna wanaosita kwa sababu ya imani, na hapa kwetu suala hilo ni zito, kanisani na msikitini pia. Yoga ina asili yake India na ina upande wa ibada kwa wenyewe. Katika mwongozo huu hakuna wimbo wa kurudia wala kitu cha kusujudia. Ni kunyoosha misuli na kupumua. Anayependa kuisali sala yake mwenyewe kimoyomoyo wakati wa kutoa pumzi, na aisali.

Hatua ya nne: mikao

Kanuni moja inatawala yote: ishia robo tatu ya uwezo wako. Kwa kuwa relaksini imelegeza kano, unaweza kujinyoosha mno leo bila kuhisi kitu na kesho usiweze kugeuka. Kuvutika kwa utamu kunaruhusiwa, kuchoma hakuruhusiwi. Ukishindwa kuongea sentensi nzima, umezidisha.

*Paka.* Huu ndio mkao ninaoupenda kuliko yote kwa kiuno cha mjamzito, na kama una muda wa mmoja tu, fanya huu. Piga magoti na viganja sakafuni, magoti chini ya nyonga, viganja chini ya mabega. Tumbo linaning'inia na mgongo unapumzika mzigo wake. Toa pumzi huku ukiukunja mgongo kuelekea juu, kidevu kikisogea kifuani, kama paka aliyeona mbwa. Vuta pumzi na urudi hadi mgongo unyooke. Usiuache ubonyee chini. Kiuno chako kimeshabonyea vya kutosha. Rudia mara 8 hadi 10 kwa mwendo wa pumzi. Kisha zungusha nyonga taratibu, kulia na kushoto. Viganja vikiuma, jambo la kawaida mikono inapovimba, funga ngumi, au simama na uegemee kitanda kwa mikono iliyokunjwa, ufanye vilevile.

*Mkono na mguu.* Ukiwa bado kwenye magoti, nyoosha mguu wa kulia nyuma, vidole vikigusa sakafu. Ukiwa imara, nyoosha na mkono wa kushoto mbele. Kaa pumzi tatu, badilisha. Mara 4 kila upande. Huu unaamsha misuli inayoshikilia uti wa mgongo. Ukiyumba, inua mguu peke yake.

*Mkao wa mtoto.* Tanua magoti kuacha nafasi ya tumbo, sukuma makalio kuelekea visigino, na weka paji la uso juu ya mito. Hapa usifanye chochote. Pumua ukielekeza pumzi mgongoni, ukihisi mbavu za nyuma zikipanuka. Dakika moja au mbili.

*Ukutani.* Simama mgongo ukigusa ukuta, nyayo mbele kidogo, magoti yamelegea. Toa pumzi huku ukibana kiuno kwenye ukuta, kama unataka kuziba uwazi ule. Vuta, legeza. Mara 10. Faida yake ni kwamba unaweza kuufanya ofisini Mtumba, kibandani soko la machinga au ukisubiri daladala, na hakuna atakayejua.

*Kitini, kwa maumivu ya kalio yanayoshuka mguuni.* Kaa mbele ya kiti, weka kifundo cha mguu wa kulia juu ya goti la kushoto. Mgongo ukiwa umenyooka, inama mbele kidogo kutoka nyongani hadi uhisi kalio linavutika. Pumzi tano, badilisha. Maumivu yakizidi kushuka mguuni, acha.

Wenye maumivu ya mfupa wa mbele, kinena, wanahitaji njia tofauti: wasitanue miguu sana, wasisimame kwa mguu mmoja, wakae wanapovaa nguo, na wageuke kitandani magoti yakiwa yamebanwa pamoja. Wakifika kwenye mkao wa mtoto watanue magoti kidogo tu, au wauruke.

Kuchuchumaa kunasifiwa sana katika video za yoga. Sisi chooni, jikoni na bombani tunachuchumaa kutwa. Sioni sababu ya kuongeza.

*Kumalizia.* Lala kwa ubavu wa kushoto, mto kichwani, mwingine kati ya magoti, khanga iliyokunjwa chini ya tumbo. Baki hapo dakika tano ukifuata pumzi. Ukisinzia, umefaulu. Kuinuka, jisukume kwa mikono ukiwa ubavuni, kaa kidogo, ndipo usimame.

Ya kuacha kabisa: kulalia tumbo, kulala chali kwa muda baada ya wiki ya 20 (mfuko wa uzazi unaweza kukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, ukapata kizunguzungu), kujipinda kiuno kwa nguvu, kujikunja kinyumenyume, kusimama kwa kichwa, kuruka, na kubana pumzi. Kizunguzungu, damu, maji, tumbo kukaza au kifua kuuma vikitokea katikati ya zoezi, acha na utafute huduma.

Hatua ya tano: saa 23 na dakika 45 zilizobaki

Hapa ndipo vita vilipo.

Maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20, na unapoiinua kutoka chini ni kiuno kinacholipa. Chota kwenye madumu madogo ya lita 5, moja kila mkono, hata kama safari zitaongezeka. Kuinua, chuchumaa kwa magoti, leta dumu karibu na mwili, toa pumzi wakati wa kunyanyuka. Na kama nyumbani kuna kijana au mume mwenye mgongo mzima, maji si kazi ya mimba. Mwambie wazi, wengine hawajui mpaka waambiwe, na kauli ya mkunga huwa na uzito kuliko yako, basi mwombe mkunga aseme mbele yake.

Kufua. Beseni likiwa chini na wewe umesimama umejikunja, hakuna mkao mbaya kuliko huo. Liweke juu ya meza au juu ya matofali yaliyopangwa hadi kimo cha kiuno, au kaa kwenye kigoda ukiwa umetanua miguu. Nguo chache kila siku, siyo lundo la Jumamosi.

Kufagia na kudeki. Fagio fupi la njiti linakulazimisha kuinama. Lifunge kwenye mpini mrefu. Deki kwa magoti na mikono, na hapo umepata paka wako bila kutandika mkeka.

Kusonga ugali wa familia, hasa wa uwele au mtama unaokaza, ni zoezi zito la kuzungusha kiuno. Inua jiko juu ya matofali, simama karibu, mguu mmoja mbele, na songa kwa uzito wa mwili wote badala ya kupinda kiuno. Sufuria ikiwa kubwa, pokezana.

Shambani. Kwenye mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi, au kwenye kupalilia uwele kwa jembe la mkono, huwezi kuepuka kuinama. Unachoweza ni kutokubaki umeinama. Kila ukimaliza tuta, simama, viganja kiunoni, pumzi tatu ndefu, kisha endelea ukiwa umebadilisha mguu wa mbele. Mtoto wa kwanza mgongoni naye akae chini ya kivuli ikiwezekana.

Anayekaa mezani kutwa ana shida nyingine. Weka khanga iliyoviringishwa nyuma ya kiuno, nyayo zifike chini, na inuka kila baada ya nusu saa. Kwa usafiri, bajaji ni nafuu kuliko bodaboda kwenye barabara za vumbi zenye mashimo, japo nauli inauma nayo.

Foleni ya bomba, foleni ya kliniki, foleni ya benki: hizo ni nafasi za pumzi. Legeza taya, shusha mabega, legeza magoti, toa pumzi ndefu mara tano. Mara tano hizo zikirudiwa siku nzima zinashinda kikao kimoja kirefu cha Jumapili.

Usiku, na dukani kwa dawa

Lala ubavu. Kuanzia wiki ya 28 inashauriwa kuanza usingizi kwa ubavu, wa kushoto au wa kulia. Ukiamka umejikuta chali, geuka tu, usiingie hofu. Godoro lililobonyea katikati liwekee mbao chini au ulishushe sakafuni juu ya mkeka.

Kitambaa cha maji ya uvuguvugu kiunoni kwa dakika 10 hadi 15 kinafariji. Yasiwe ya moto. Kukandwa mgongo kwa mafuta na shangazi au mama ni raha. Kukandwa tumbo kwa nguvu "ili mtoto akae vizuri" kataa, kwa heshima zote. Kufunga khanga chini ya tumbo, ikipita juu ya nyonga, husaidia wengi wanapotembea, mradi isikubane na uifungue unapokaa.

Tahadhari moja nzito: diklofenaki na ibuprofeni, vidonge ambavyo duka la dawa la mtaani hukupa mara tu ukitamka "mgongo", havifai kuanzia wiki ya 20 bila daktari kusema, kwa sababu vinaweza kuathiri figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Hata kabla ya hapo usijinunulie. Sema wewe ni mjamzito hata kama tumbo linaonekana. Parasetamoli ndiyo hutumika zaidi, lakini nayo uliza kiasi. Dawa za kienyeji za kuchemsha za mgongo ziweke pembeni hadi ujifungue na uulize.

Ukipanga wiki yako

Dakika 15 za mkeka, siku tano kwa wiki, pamoja na matembezi ya taratibu. Siku mbaya fanya pumzi na paka tu. Usitarajie muujiza siku ya tatu. Jipe wiki mbili au tatu ndipo upime, na pima kwa mambo ya kawaida: je, unageuka kitandani kwa urahisi? Unaweza kusimama hadi ugali uive? Kama hakuna nafuu, au maumivu yanakunyima usingizi, omba kliniki ikuelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya rufaa. Anaweza kukupa mkanda wa nyonga na mazoezi ya kiungo kilicholegea hasa.

Kadiri wiki ya 40 inavyosogea, punguza kusimama, na uongeze paka na pumzi ndefu. Uchungu ukianza, kupiga magoti ukiegemea kitanda na kuzungusha nyonga ni mkao unaowasaidia wengi uchungu unapobana mgongoni. Muulize mkunga wako mapema kama wodi inaruhusu. Baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, pumzi unaweza kuirudia siku hiyohiyo, na zoezi la ukutani ukijisikia nguvu. Aliyefanyiwa upasuaji aanze na pumzi tu, na mikao mingine isubiri ruhusa ya daktari kwenye hudhurio la wiki ya 6.